Mkono wa Kuvunja Mukebuka

Gauni la bluu lilikaa kwenye msumari ukutani kwangu miezi kumi na tisa. Kila mteja aliyeingia alilishika, akaligeuza, akauliza kama linauzwa. Niliwajibu vibaya, na wengine wamenihama kwa sababu ya majibu hayo, waende. Gauni lile lilikuwa la Mama Honorine, muuza samaki wakavu wa ng'ambo ya barabara yetu hapa Kamalondo, na lilikuwa likingoja samaki.

Ndiyo, samaki. Nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye kama mtaweza.

Mimi ni Chishimba, fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, meza yake iko mbele yangu, na kati yetu kuna shimo la barabarani ambalo tumezeeka nalo. Miaka ishirini na miwili tumetazamana hivyo. Watu wangu ni wa Kasenga, mto Luapula. Watu wake ni wa Moba, Ziwa Tanganyika. Babake aliletwa Lubumbashi na kazi ya reli, akazaa hapa, akazikwa hapa, lakini ukimsikia bintiye akisema “kwetu” utadhani amefika jana na miguu bado haijakauka. Watu wa ziwa ndivyo walivyo. Wanaamini Mungu aliumba maji mara moja tu, kwao, na mito mingine yote ni yale yaliyomwagika njiani. Nilimwambia hivyo kila wiki, naye kila wiki alinijibu kwamba samaki wa Luapula wananuka matope, pamoja na wanaowala. Ndivyo tulivyosalimiana.

Meza aliirithi kwa mamake. Enzi za mama, vikapu vilitoka ziwani vikashuka hapa na treni, na harufu ilitangulia kufika Kamalondo kabla ya mzigo. Baadaye treni ikawa ya kubahatisha, na vikapu vikaja na malori kupitia Pweto, vikiwa vimepondwa na barabara. Honorine hakubadili kitu. Alipanga samaki wake kwa safu, vichwa vikimtazama mnunuzi, akawapangusa mmoja mmoja kwa kitambaa kama mtu anayepangusa viatu vya Jumapili. Ndagala, hao dagaa wadogo, aliwapima kwa kopo. Mikebuka hakuwapima, aliwauza mmoja mmoja, na kama hakupenda namna ulivyomshika samaki alimchukua mkononi mwako akamrudisha mezani. Nimemwona akimfanyia hivyo mke wa mkubwa mmoja wa mgodi aliyeshuka kwenye gari lenye vioo vyeusi.

Mukebuka, kwa ambaye hakubahatika, ni samaki mrefu na mwembamba, mweupe wa kung'aa kama bati jipya, mdomo mkubwa. Akikaushwa kwa moshi anakuwa wa rangi ya asali. Si samaki wa kulala matopeni akingoja kilichooza kimwangukie. Huwinda. Hufukuza ndagala katikati ya ziwa, kundi kwa kundi, na wavuvi zamani walijua walipo ndagala kwa kuona mikebuka wakirukaruka nyuma yao. Haya yote nimeambiwa na Honorine, ambaye aliliona ziwa mara mbili maishani mwake. Mimi sijaliona hata mara moja, lakini kwa miaka ishirini na miwili ya kuhubiriwa naweza kukuchorea.

Sasa, watu wa kwao, au labda ukoo wao tu na koo chache walizooana nazo, mimi sijui, wana desturi. Mjane hukaa na nguo nyeusi mwaka mzima. Mwaka ukiisha, mukebuka anapikwa kwa mawese, mzima, na kichwa chake, anawekwa mbele ya mjane pale kwenye mkeka. Halafu mjane mwingine, ambaye naye alitolewa nguo nyeusi kwa namna hiyohiyo, anakivunja kichwa cha samaki kwa mkono, anamtia mjane kiganjani. Anakula. Akimeza, amekwisha kutoka. Wanawake wanamwingiza ndani, wanamvua nyeusi, wanamvika nguo mpya, na hapo ndipo mimi fundi ninapoingia katika habari hii.

Siku moja nilimuuliza kwa nini lazima awe samaki yule, si kuku, si mbuzi, si samaki mwenye nyama zaidi. Hakunitania siku hiyo.

“Ile samaki haingojake chakula,” alisema. “Inakifwataka. Mujane naye, ile siku, anapashwa kutoka ku mukeka, afwate maisha.”

Yeye alikuwa mkono, ndivyo wanavyomwita mjane mwenye haki ya kuvunja. Alifiwa na mume wa kwanza akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, akatolewa kwa mukebuka, akaolewa tena na Pierre wa reli. Tangu hapo hakukuwa na mjane wa ziwa, kuanzia Kamalondo hadi Kampemba, aliyetoka bila mkono wa Honorine. Alileta samaki, akavunja kichwa, akaimba, akacheza, akarudi mezani kesho yake na sauti imekauka. Wanawake wachache wengine walikuwa na haki hiyo, lakini waliitwa yeye akiwa mgonjwa. Nilishona magauni mengi kwa ajili ya asubuhi zile. Sikushona hata moja likakosa kuvaliwa, mpaka la Agnès.

Agnès wa Kampemba alifiwa na mume wakati mikebuka walikuwa wameanza kuadimika. Lori lilifika na vikapu sita, ukafungua, ndagala, ndagala, ndagala. Honorine alimwambia asubiri. Agnès akasubiri, mwaka ukawa mwaka na miezi minne. Mwanawe Jeannot, kijana mwenye haraka na moyo mzuri, akaona mama yake anazeeka kwenye mkeka. Akaenda chumba baridi akanunua tomsoni, yule samaki wa barafu anayeletwa na makontena kutoka baharini, ambaye mji mzima tunamla na bukari, ugali wetu, siku hizi. Ukimkaanga au kumkausha kwa moshi, kwa mbali anafanana na mukebuka. Mrefu, mwembamba, mkia wenye panda. Jeannot alimkausha kwa moshi wa makala, yaani mkaa, nyumbani siku mbili. Akaalika watu. Akamwalika Honorine aje avunje.

Nilikuwepo. Gauni la Agnès, la maua ya njano, nilikuwa nimelileta mwenyewe chini ya kwapa. Wanawake walikuwa wamekwisha kufunga vitambaa kichwani, mawese yananukia uani, na Agnès amekaa mkekani amekunja miguu, mikono wazi. Honorine alichuchumaa mbele ya sahani. Akamgeuza samaki kwa kidole. Tomsoni ana mstari wa magamba magumu ubavuni, kama mshono mbaya. Ukiukwangua unabaki alama. Honorine aliliona lile kovu. Akaichukua sahani, akaifunika na sahani nyingine, akasimama.

“Miye siwezi kuvunja ile,” alisema. “Haiko mukebuka. Mama Agnès eko paka mu nguo nyeusi.”

Alisema hivyo, kwamba Agnès angali mjane wa nguo nyeusi, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida, akavaa kandambili zake akatoka. Watu walibaki wakitazama chini. Mmoja baada ya mwingine walikumbuka kwamba wana shughuli. Jeannot aliingia ndani hakutoka. Agnès hakulia, alikunja viganja vyake, akaviweka mapajani.

Nilirudi na gauni langu chini ya kwapa na hasira imenijaa hadi kwenye masikio. Jioni hiyo nilivuka barabara nikamwambia Honorine kuwa ana roho ya jiwe. Nilimwambia kwamba Mungu hakagui magamba. Aliniacha niseme yote, kisha akaniuliza kama mimi ningekubali kumvika bibi harusi gauni lililogandishwa kwa gundi badala ya kushonwa, kwa sababu tu kwa mbali linafanana. Tulikaa majuma matatu bila kusemezana, jambo ambalo halijawahi kutokea, na lile shimo la barabarani likaonekana pana kama ziwa lao.

Mwaka uliofuata, katikati ya mvua, Pierre alifariki. Hakuumwa sana. Alikuwa mstaafu mpole, akimbebea mkewe meza asubuhi na kuirudisha jioni. Siku moja aliibeba asubuhi tu. Honorine alivaa nyeusi. Juma moja baada ya maziko alivuka barabara akaniletea kikwembe, kitenge cha bluu chenye ndege wadogo weupe ambacho Pierre alikuwa amemnunulia zamani naye akakitunza sandukuni, akaniambia nimshonee gauni la kutokea. Nilimwambia bado mwaka mzima. Akasema anataka alione limening'inia, ili ajue mwaka una mwisho.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sikumwambia methali hiyo, lakini nilijua kuwa anaijua, na yeye alijua kuwa ninaifikiria.

Mwaka ukaisha. Mukebuka hakuja.

Kasonde, dereva wa lori anayekwenda Pweto hadi Moba, ndiye aliyekuwa macho yake kule. Kila safari alimwagiza: mmoja tu, mkubwa, na kichwa chake. Kila safari Kasonde alirudi akikuna shingo. Alieleza kwamba siku hizi nchi zote zinazozunguka ziwa zimekubaliana kulifunga miezi mitatu kila mwaka, samaki wapate kupumua. Wengine wanatii, wengine wanavua gizani. Alieleza kwamba hata likifunguliwa, wavuvi wanaenda na taa nyingi na nyavu zenye matundu ya chandarua, wanazoa kila kitu. Wazee wa kule wanasema mukebuka mrefu kama mkono wa mtu mzima wanaweza kumwona mara moja kwa mwezi, au wasimwone. Honorine alisikiliza, akauliza kama kwenye vijiji vya kusini walimtafuta. Kasonde akasema walimtafuta.

Safari moja, mwezi wa pili baada ya mwaka kutimia, Kasonde alileta mfuko wa karatasi. Alisema amepata mikebuka, wa kweli, ila wadogo. Honorine aliumwaga mezani. Walikuwa kumi hivi, kila mmoja urefu wa kidole, wembamba, weupe. Alichukua mmoja akamweka kiganjani. Akakaa naye muda mrefu mpaka nikaacha kushona nikavuka.

Lazima nieleze kitu hapa. Mtu akinunua kopo la ndagala huku kwetu, anadai mbasela, yaani nyongeza ya bure, na muuzaji asiye na mbasela hana mteja. Honorine alikuwa na sanduku lake la mbasela chini ya meza. Alipochambua vikapu, vile visamaki virefu vyembamba vilivyokuja vimechanganyika na ndagala, ambavyo havikuwa ndagala na havikutimia kuwa kitu kingine, alivitupa humo. Kila kopo, aliongezea gumba na vidole viwili juu. Na mkono wake ulikuwa mkarimu. Watu walitoka mbali, hata Karavia, kwa ajili ya mbasela ya Mama Honorine.

“Papa Chishimba,” aliniambia, “hii njo ile mbasela. Nilikuwa nayipanaka bule.”

Alikuwa akiwagawa bure watoto wa mukebuka, kopo kwa kopo. Halafu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa Pierre alilia akiwa amejifunika. Safari hii alilia mezani, mchana, mbele ya wateja, na mkono ule wenye kisamaki hakuufunga. Sikumtania. Sisi wa Luapula tulikuwa na samaki wetu, mpumbu. Baba zetu walimvua jike wakati anapanda mto na tumbo limejaa mayai, wakala mayai, wakacheka, na leo mimi mtu wa Kasenga simjui mpumbu kwa ladha. Nilikuwa na utani tele juu ya watu wa ziwa. Juu ya hilo sikuwa na hata mmoja.

Bintiye Kiki alikuja kumsihi. Ni mwalimu, mtaratibu, anajua kuongea na mama yake kuliko mimi. Alisema padri amesoma misa ya mwaka, na misa inatosha. Honorine akamjibu kwamba misa ilikuwa ya Pierre, samaki ni wake yeye. Kiki akasema basi na tuagize mjane kutoka Moba, na samaki wadogo wale wale, kwani si mikebuka? Hapo Kasonde, aliyekuwa anakunywa chai yake, aliingilia, na nadhani hakujua anachokisema.

“Mama, kule bo benyewe banaacha zamani, na bale bamama ba mukebuka banaisha kufa,” alisema. “Beko banatoka na tomsoni. Ya hapa. Siye njo tunabapelekeaka.”

Lori linakwenda ziwani na samaki wa barafu kutoka Lubumbashi. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu, kisha nikaona uso wa Honorine nikarudi kwenye mashine. Na wale wadogo hakuwakubali. Alisema ukimvunjia mjane kichwa cha mtoto, unamtoa aende wapi? Hata mimi niliona ana haki.

Nikahesabu naye mikono iliyobaki. Wengi aliowatoa Honorine walikuwa wazee tangu hapo, nao wamekwisha kufa. Waliotolewa kwa mukebuka na bado wakiwa hai mjini walikuwa wawili, ukimwacha yeye mwenyewe, maana mwenye kuvaa nyeusi mkono wake umefungwa. Mmoja baadaye alikwenda kuishi kwa mwanawe Kinshasa, akafia huko. Wa pili alikuwa Mama Musonda, mzee sana, hapa hapa Kamalondo, nyumba ya nne kutoka kona. Honorine alimpelekea uji kila asubuhi miezi yote ile. Alimlinda kama mtu anavyolinda moto wa mwisho wa makala. Nilimwona akimfunika blanketi juani.

Mama Musonda alizikwa siku ya Alhamisi. Jumatano iliyofuata, Kasonde alisimamisha lori katikati ya barabara, karibu na shimo letu, akashuka na boksi refu. Ndani, juu ya majani makavu, alilala mukebuka mmoja, wa rangi ya asali, kutoka kwenye kiwiko changu hadi kupita ncha za vidole. Kichwa chake kizima, mdomo wazi. Wateja wangu wawili walisimama. Hata mimi niliyemcheka samaki huyo miaka ishirini na miwili nilivua kofia.

Honorine alimtazama, akamgusa ubavu ambako hakukuwa na kovu. Akamshukuru Kasonde kwa heshima. Kisha akaketi kwenye kiti chake nyuma ya meza, nami nikamwona akigeuza shingo kutazama nyumba ya nne kutoka kona.

Nilianza kupiga kelele, ndio utaratibu wangu. Nilimwambia amwache Kiki avunje, iishe.

“Kiki hajafiwa na bwana,” alisema. “Unataka nimutakie?”

Halafu alisema twende Kampemba. Aliniambia nichukue gauni. Nilidhani amepata njia, na moyo wangu ulipanda. Nililikunja gauni la bluu kwenye gazeti, na nikatoa lile la maua ya njano kwenye sanduku la chini, ambalo lilikuwa huko muda wote, nikaliweka pamoja.

Agnès alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amevaa nyeusi. Karibu miaka minne, na kitambaa kilikuwa kimechujuka hadi kuwa rangi ya majivu, mabega yametiwa viraka, na viraka vyenyewe vimechujuka. Mjukuu wake Tracy, msichana wa chuo kikuu, alituletea viti. Jeannot hakuwepo, yuko migodini Kolwezi, na toka siku ile ya sahani hali samaki wa aina yoyote.

Honorine hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, akaweka boksi kati yake na Agnès, akalifungua. Tracy aliinama akatoa simu yake apige picha. Alimuuliza bibi yake kama huyu ni tomsoni.

Honorine alisema alimkosea. Alisema bila kupamba: siku ile angeweza kumwambia pembeni, asingemwaibisha mbele ya watu, angeweza kumtafutia samaki kwa nguvu ileile aliyojitafutia yeye mwenyewe, hakufanya. Alisema amekuja na samaki. Alisema anaomba Agnès atolewe kwanza.

Agnès alimsikiliza huku mikono yake ikiendelea na majani ya sombe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza nani atavunja.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa Honorine hakuwa na njia yoyote. Alikuwa amekuja tu. Wajane wawili na samaki mmoja, na kila mmoja angekuwa mkono wa mwenzake kama angekuwa ametoka, na hakuna aliyetoka, na Agnès alizuiliwa na Honorine mwenyewe.

“Nilishakusamehe, yaya,” Agnès alisema, akimwita dada mkubwa. “Lakini kusamehe haiko mukono.”

Nilisimama. Sikuweza kukaa. Nilisema mambo mengi, na mengine siyarudii. Niliwauliza, na swali hilo bado naliona ni zuri: yule mjane wa kwanza kabisa, kule ziwani, mwanzo wa dunia, nani alimvunjia? Si alivunjiwa na mtu ambaye hakuwahi kutoka? Basi na hapa aanze mmoja, aanze yeyote, mimi nitashuhudia, gauni ninalo.

Honorine alinitazama kwa huruma, kana kwamba ni mimi niliyefiwa.

“Yule wa kwanza, samaki ilikuwa mingi,” alisema. “Angekosea, angeanza tena kesho.”

Agnès akatikisa kichwa kukubali. Walikubaliana wao wawili, dhidi yangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sahani. Nikakaa.

Samaki hawezi kurudishwa kwenye boksi angoje. Wadudu wanamwingia, na mji huu una joto. Kumuuza Honorine hakutaka kusikia. Mwishowe Agnès aliwasha makala. Walimkata kwa kisu, vipande, kama samaki wa siku ya kazi, kichwa wakakikata pia, mara mbili, kikaingia sufuriani pamoja na vitunguu. Tracy alisonga bukari. Tulikula sote wanne kwenye sahani moja, mchana kweupe. Nasema ukweli ingawa unanichoma kama mtu wa Luapula: alikuwa mtamu. Nyama ilitoka mfupani yenyewe, na mawese yake yalikaa mdomoni hadi jioni. Honorine alimla polepole. Alimsimulia Agnès sifa za samaki huyo kama zamani mezani, hunenepa wakati gani, sehemu gani ya ziwa, na Agnès aliitikia. Tuliosha mikono. Wote wawili walikuwa bado na nyeusi.

Magauni nilirudi nayo.

Sasa meza yake ina ndagala na chumvi. Tomsoni hauzi; anasema amechoka kuwa na msimamo lakini mikono haimtii. Mbasela hatoi tena, na wateja wamepungua kwa hilo. Huchambua kila kikapu kisamaki kwa kisamaki, na akikuta vile virefu vyembamba anaviweka pembeni kwenye sahani. Nilimuuliza anaviweka vya nini, hali vimekwisha kufa na kukauka. Alisema anajua. Kasonde bado anaagizwa, kwa adabu tu. Na hata akileta mwingine, mkubwa kuliko yule, hakuna mkono. Hilo tunalijua wote watatu, na bado anaagizwa.

Juma lililopita alivuka barabara asubuhi, akazunguka shimo, akaweka kifurushi kwenye mashine yangu. Nilipofungua, kilikuwa kitambaa cheusi, kizito, mita nane. Magauni mawili, alisema, lake na la Agnès, maana la Agnès limeisha mabegani na viraka havishiki tena.

“Ya nguvu, Papa Chishimba,” alisema. “Ile ya kukawia.”

Nilitaka kugombana. Nilitazama lile gauni la bluu msumarini, nikatazama mikono yake, nikachukua utepe. Nilimpima mabega, kifua, kiuno, amepungua. Nimeyashona yote mawili kwa mshono wa mara mbili, ule ninaowashonea wachimbaji.